Kalamu Iliyotangulia Sikio

4 Januari

Mpendwa Fundi,

Nina jambo la kuungama ambalo sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata mama. Mimi si mzee. Sijawahi kufanya kazi kwenye mnara wa kuongozea ndege, wala sijawahi hata kupanda ndege. Ni msichana wa miaka kumi na minane, na nilimaliza shule mwezi wa kumi na moja.

Najua utashangaa. Tangu wakati huo umekuwa ukipokea marekebisho ya programu yako ya kuongoza ndege za kompyuta kutoka kwa "Mnara wa Kale", ukiamini ni mwongoza ndege mstaafu. Kila barua umeianza kwa shikamoo, nami nimekuitikia marahaba, na kila marahaba nimeiandika kwa aibu. Sikukusudia kukudanganya. Jina hilo nililichukua kwenye jukwaa la watumiaji kwa sababu mengine niliyoyataka yalikuwa na wenyewe. Uliponiita mzee wangu, niliona haya kukusahihisha. Ndivyo nilivyo. Shuleni nikijua jibu nilimwandikia jirani yangu ili anyooshe mkono yeye.

Ninaungama leo kwa sababu umesema toleo lijalo litakuwa na ukurasa wa shukrani wenye maneno "kwa msaada wa mwongoza ndege mstaafu", na kwamba unataka tuongee kwa simu.

Maneno yote niliyokuletea ni ya shangazi yangu. Yeye ndiye aliyekaa mnarani miaka ishirini na miwili. Miaka mitatu iliyopita aliacha kazi akafungua duka la kuchapa na kutoa nakala, na tangu siku hiyo haitaji kabisa kazi ile. Nyumbani tumezoea. Mtu akitaja ndege, shangazi anainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Nilipomaliza shule nilianza kumsaidia dukani. Wateja wakipungua ninawasha kompyuta ya pembeni, ninarusha ndege kwenye mchezo wangu wa urubani, na nyongeza yako inaniongoza kwa sauti, kushoto, kulia, panda, shuka. Siku moja nilisahau kuvaa spika za masikioni. Shangazi alikuwa anabana mitihani ya shule fulani kwa pini. Bila kuinua kichwa akasema, "Kamshusha mapema mno huyo. Anataka alale mlimani?"

Sikugeuka. Nilihisi kama ndege wa kweli ametua dirishani, nikisogea tu ataruka.

Tangu hapo sizivai tena zile spika. Ninaacha sauti wazi, ninajifanya sisikii, na kila anachonung'unika ninakiandika nyuma ya karatasi zilizoharibika, kisha ninakuletea wewe. Ndiyo maneno pekee ya kazi yake yanayomtoka. Akijua ninayachukua na kuyapeleka kwa watu, atanyamaza tena, na safari hii atanyamaza moja kwa moja. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Ukitaka kunifukuza, una haki. Ila tafadhali usiandike ile shukrani, na usipige simu.

Aliyekuwa Mnara wa Kale


6 Januari

Binti yangu (kumbe hivyo ndivyo nilivyopaswa kukuita),

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikacheka hadi mke wangu akaja kuchungulia kama nimepata habari njema au nimeanza kuchanganyikiwa. Nimehesabu. Nimekupa shikamoo kumi na moja. Nazitaka zote, tena usizilete kwa mkupuo kama mtu anayelipa faini. Lete mojamoja, kwa adabu.

Sikufukuzi. Hata mimi nilianza kuwa na wasiwasi. Mstaafu gani anaandika "asante sana" mara tano kwenye barua moja? Wazee ninaowajua mimi wananiambia kazi yangu ni mbovu, basi wanaishia hapo.

Shukrani nimeiondoa. Simu sitapiga. Lakini nikuambie neno moja kama mzazi. Maneno hayo yana mwenyewe, na siku moja itabidi ajue. Ni heri ayasikie kwako. Sikuharakishi.

Sasa turudi kazini. Mimi ni mtu wa kompyuta. Nimejifunza kuongoza ndege kwa kusoma miongozo, kama mtu aliyejifunza kuogelea kwa kusoma kitabu akiwa kitandani. Marubani wa kweli wanaoitumia programu yangu wananiambia mwongozaji wangu anasema vizuri ila hasikilizi, na sielewi wanamaanisha nini. Hebu tega sikio. Shangazi anasema nini pale rubani anapojibu?

Fundi


13 Januari

Shikamoo Fundi (ya kwanza hiyo, zimebaki kumi),

Sasa ninaelewa walichomaanisha, ila nimekielewa kwa njia niliyoijutia.

Jana nilitaka kumjaribu mwongozaji wako. Aliniambia nishuke hadi futi elfu nane. Kwenye orodha ya majibu nikachagua makusudi futi elfu sita. Akanijibu, "Sawa, endelea."

Shangazi alikuwa anamhudumia mwalimu. Aliacha alichokuwa akifanya. "Katia alama kabla hajasikia," akasema. Safari hii hakunung'unika. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Kisha akatoka nje, akamwacha mwalimu ameshika karatasi zake. Mwalimu akaniuliza, "Mama amekasirika? Nimeomba nakala arobaini tu." Nikampa kiti asubiri. Shangazi alirudi baada ya robo saa, akaomba radhi, akaziwasha mashine.

Jioni nilimuuliza baba, kaka yake. Ameniambia kwa mara ya kwanza. Mwongozaji ana kipande cha karatasi kwa kila ndege. Anatoa agizo, rubani analirudia lote, mwongozaji anasikiliza, na likiwa sawa ndipo anatia alama kwenye karatasi. Siku moja kazi ilikuwa nyingi, shangazi akatia alama kwanza. Rubani akarudia urefu ambao si aliopewa, naye akajibu sawa kwa sababu kwenye karatasi yake jambo lilikuwa limekwisha. Ndege mbili zikakaribiana kuliko inavyoruhusiwa. Hakuna aliyeumia. Baba anasema abiria waliendelea kunywa chai yao. Wakubwa walimpa onyo na mwezi mmoja wa mafunzo, wakamwambia arudi kitini. Hakurudi.

Kwa hiyo kosa la programu yako ndilo hilohilo. Inatia alama kabla ya kusikia. Ninakuomba uirekebishe. Ifanye isikilize, na isikose hata mara moja.

Kuna kitu alikisema wiki iliyopita, labda kitakusaidia. Rubani akirudia vibaya, shangazi anasema usimwambie amekosea, maana atababaika. Mwambie "turudi nyuma kidogo", kisha umpe namba upya, tarakimu mojamoja, na umsubiri.

Mimi, wa umri mdogo


2 Februari

Binti yangu,

Imekamilika. Wiki tatu nimekula mezani kwa kompyuta, na mke wangu amesema akimwona huyo mwongozaji atampa sahani yangu. Sasa kila jibu la rubani linapimwa kabla alama haijawekwa. Likikosewa, sauti inasema "turudi nyuma kidogo" kama ulivyonifundisha. Ndege nyingine za mashine zilizo angani nazo hukosea majibu mara mojamoja, nawe unasikia zinavyosahihishwa. Toleo liko tayari, lichukue.

Wanaojaribu wamelisifu sana, isipokuwa mmoja, rubani wa kweli wa ndege za mizigo. Ameniandikia hivi: "Mwongozaji wako sasa hakosei kamwe. Nimerusha siku tatu, siku ya nne nikajikuta siwasikilizi tena wenzangu, maana najua yeye atasikia. Unatulaza usingizi." Anataka niweke kosa dogo, mara moja katika mia mbili, ili rubani naye abaki macho.

Nimelifikiria sana. Nadhani ana hoja. Lakini sitaki kufanya hivyo bila kuuliza nyumba iliyonifundisha. Unaonaje?

Fundi


4 Februari

Shikamoo Fundi (zimebaki tisa),

Tafadhali usiweke.

Sijawahi kukuomba kitu kwa nguvu, kwa hiyo sijui namna ya kuomba kwa nguvu. Nitakueleza tu nilichokiona. Jumatatu niliwasha toleo jipya. Ndege moja ya mashine ikakosea urefu, na mwongozaji akairudisha. Shangazi akaacha kukata karatasi. Akasikiliza ndege tatu zikipita, moja baada ya nyingine. Halafu akasema, "Ahaa. Huyu kafunzwa." Alikata karatasi zilizobaki huku anapiga mluzi. Sijamsikia shangazi akipiga mluzi tangu nikiwa darasa la saba.

Jana alileta kigoda chake karibu nami. Alisema anatafuta mwanga mzuri wa kushona kifungo. Dirisha liko upande wa pili.

Ukiweka kosa, siku moja litatokea akiwa amekaa pale. Nitakuwa nimeichukua siku ile mbaya na kumwekea mezani tena, na atatoka nje, na safari hii sijui kama atarudi kwenye kigoda. Huyo rubani wa mizigo anywe kahawa akiona usingizi.

Mimi


9 Februari

Ndugu Fundi,

Hunijui. Mimi ni shangazi wa binti anayekuandikia. Anuani yako nimeitoa kwenye programu yenyewe, pale chini kwenye maelezo.

Wiki iliyopita mwongozaji wako alimwambia rubani, "Turudi nyuma kidogo." Hakuna chuo kinachofundisha maneno hayo. Wenzangu mnarani walikuwa wakinitania, "Ndege hairudi nyuma, mama, hiyo si baiskeli." Niliyasema peke yangu miaka yote ile. Kwa hiyo nilipoyasikia nilijua yametoka wapi na yamepitia kwa nani.

Tena sikuwa nimelala. Mtoto anayeandika nyuma ya karatasi mbovu kila nikifungua mdomo, kisha akazikunja na kuzificha kwenye soksi, si mpelelezi hodari. Nimemwacha. Tangu mwezi wa kumi na mbili ninanung'unika kwa sauti zaidi, na polepole, ili awahi kuandika. Nimeona ni rahisi kuiambia mashine ya kukatia karatasi kuliko kumwambia mtu.

Leo asubuhi alikwenda kununua wino akaacha sanduku la barua wazi. Nimesoma swali lako na jibu lake. Sikufanya vizuri, lakini nimesoma.

Yeye anakuomba usiweke kosa. Mimi ninakuomba uliweke.

Siku ile kalamu yangu ilitangulia sikio. Hilo umeshaambiwa. Ambalo hujaambiwa, kwa sababu sijamwambia mtu, ni namna ndege zile zilivyoachana. Rubani wa ndege ya tatu, mwanamke, ambaye jambo lenyewe halikumhusu, alikuwa akisikiliza. Akasema, "Mnara, naomba uhakikishe urefu wa ndege iliyotangulia." Maneno saba tu. Nikaangalia karatasi, nikaangalia kioo cha rada, nikaona. Nilikuwa na muda wa kumgeuza mmoja, basi.

Sikumshukuru. Niliona aibu, nikavua vifaa vya masikioni, nikashuka ngazi. Miaka mitatu nimekuwa nikikaa na kosa langu, na yule aliyelisikia sijampa hata dakika moja.

Mwongozaji asiyekosea atawafanya vijana wako wasahau kusikiliza. Weka kosa, na uweke na njia ya rubani kuuliza. Binti huyu ana masikio makali kuliko watu wengi niliokaa nao, ila hafungui mdomo. Nataka siku moja asikie kosa na alitamke.

Usimwambie nimekuandikia. Ataona haya, na ataacha kuandika.

Shangazi yake


15 Februari

Binti yangu,

Nimeamua kuweka kosa. Toleo jipya linatoka kesho. Mara moja katika mia mbili, mwongozaji atatia alama bila kusikia. Nimeweka pia kitufe cha rubani kuomba uhakika, hata kwa jambo la ndege nyingine.

Siwezi kukueleza sababu zote. Ninakuomba uniamini, ingawa najua sijakupa kitu cha kushikilia.

Fundi


15 Februari

Fundi,

Nilikuambia jambo ambalo sikumwambia mtu, ukasema hunifukuzi, nikadhani nimepata mtu wa kuongea naye. Umeniuliza naonaje, nikakueleza, na umefanya kinyume.

Sitakuletea kitu tena. Zile shikamoo zilizobaki, samahani, hutazipata.


20 Februari

Mama,

Nimefanya ulivyoniomba, na binti ameacha kuniandikia. Nimekaa katikati yenu kama mshenga aliyekosana na pande zote mbili. Kila mmoja ameniambia nisimwambie mwenzake, na kila mmoja anahofia kitu kilekile, kwamba mwenzake atanyamaza. Sitavunja ahadi yangu kwako. Lakini ukiweza kunifungua, nifungue.

Fundi


22 Februari

Ndugu Fundi,

Ameacha hata kurusha. Ameizima kompyuta ya pembeni, anasema ina vumbi. Leo nimeifuta vumbi mimi mwenyewe, nikaiwasha, nikamwambia nimechoka na kelele za mashine ya nakala, nataka kusikia kitu kingine. Toleo jipya nimeliweka kwa mkono wangu. Vuta subira.

Shangazi yake


3 Machi

Mpendwa Fundi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana, kwa hiyo ukiona imekaa vibaya, zile tatu zilikuwa mbaya zaidi.

Kwanza, nisamehe.

Pili, nikueleze kilichotokea. Siku tisa nimekuwa nikirusha, kwa sababu shangazi alisema anataka kusikia. Kila siku nilikuwa ninaomba lile kosa lisitokee. Nilikuwa ninasikiliza kila ndege, si yangu tu, kila moja, mpaka kichwa kinauma. Leo saa nne asubuhi likatokea. Ndege iliyokuwa mbele yangu iliambiwa ishuke hadi futi elfu saba na mia tano. Ikajibu elfu tano. Mwongozaji akasema, "Sawa, endelea."

Shangazi alikuwa amekaa kando yangu na bakuli la pini. Mikono yake ilisimama. Mteja mmoja, kijana wa kampuni ya bima, alikuwa anasubiri nakala za kitambulisho. Nilimtazama shangazi nikidhani atainuka. Hakuinuka, wala hakunitazama. Alikuwa anangoja, Fundi. Nilichukua muda kuelewa kwamba ananingoja mimi.

Unajua mimi huwa sisemi. Hata kwenye mchezo ninajibu tu ninapoitwa. Leo nilivuta kibodi karibu. Nikabonyeza kile kitufe ulichokiweka, nikatamka kwenye kipaza sauti, mbele ya yule kijana wa bima, kwamba ninaomba mnara uhakikishe urefu wa ndege iliyotangulia. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Mwongozaji wako akasema, "Ahsante. Turudi nyuma kidogo," akampa yule mwingine namba yake upya.

Kijana wa bima akauliza, "Hiyo ni ya kweli?"

"Ni ya kweli," shangazi akamjibu. "Subiri kidogo."

Basi akanieleza. Siku yote ile, kuanzia alipopanda ngazi asubuhi hadi aliposhuka. Rangi ya kalamu. Rubani wa ndege ya tatu, mwanamke, na sauti yake ilivyokuwa ya upole. "Ndivyo alivyosema yule," akaniambia, "karibu neno kwa neno. Sikumshukuru. Na wewe sijui nikushukuru vipi." Alikuwa analia kidogo, lakini hakuinuka. Kijana wa bima alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akasahau nakala zake juu ya mashine. Alirudi kuzichukua saa sita, akamwamkia shangazi kama anavyoamkiwa bibi wa ukoo. Shangazi amejiuliza kama mnarani bado wanaweza kujua rubani yule alipo. Amesema kesho atapiga simu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mchana nilifungua sanduku la barua la duka nimtumie mteja hati zake. Niliiona barua ya tarehe tisa. Nilijiambia nitasoma mstari wa kwanza tu, nikasoma yote. Inaonekana katika ukoo wetu hakuna anayejua kufunga sanduku la barua. Kwa hiyo sasa ninajua kwa nini hukunieleza, na ninajua nilivyokutukana wakati umefunga mdomo kwa ajili ya ahadi. Ningekuwa mimi nisingeweza.

Ninajua pia kuhusu soksi. Ninaona aibu hadi masikioni.

Lakini alasiri hii shangazi amerudi kwenye kigoda chake, na nilipowasha injini akaanza, kwa sauti kubwa, polepole, "Huyu naye, anampa kona kali kabla hajapunguza mwendo." Akanyamaza kidogo. Alikuwa ananipa nafasi niandike. Nikaandika, karatasi juu ya goti, nikajifanya ninakuna mguu.

Ningeweza kumwambia kwamba ninajua. Wewe mwenyewe ulisema aambiwe, na nimelifikiria. Habari ya siku ile ameshanieleza uso kwa uso, na hiyo ndiyo iliyokuwa nzito. Iliyobaki ni hii ndogo, yeye kunung'unika kwa ajili yangu na mimi kuandika kwa ajili yake. Sote wawili ni watu wa haya. Tukiiweka mezani, tutaanza kutazamana, na tukitazamana tutakosa maneno. Niache nimwambie mimi, siku nikiweza, labda nikiwa mkubwa kidogo.

Marekebisho manane ya leo nimeyaambatisha, yote ni yake.

Ila hili la kwamba nimeisoma barua yake, na kwamba ninajua ananung'unika ili nisikie, nimekuambia wewe peke yako. Akikuandikia, mjibu kama kawaida. Tafadhali usimwambie.

Mimi